Kwa Nini Huwezi Kununua Risasi ya G3: Stori Inayoanzia kwa Shosho

Tarehe 25 Juni 2024 nilirudi nyumbani Kangemi kwa miguu. Mathree zilikuwa zimekataa kuingia tao, na Waiyaki Way ilikuwa imejaa vijana wanaotembea kama mimi, macho mekundu kwa sababu ya gesi, simu ziko kwa asilimia tatu. Mfukoni nilikuwa na kitu nilichookota kwenye lami ya Kenyatta Avenue. Ganda la risasi. Shaba tupu, na ukilinusa bado lilikuwa na harufu ya baruti. Sikuona nani alipiga wala alilenga nani. Niliokota tu, ili kesho yake nisije nikajidanganya kwamba niliota.

Usiku nililipima kwa rula ya dogo. Urefu milimita 51. Hiyo namba iweke mahali, tutairudia.

Asubuhi Shosho aliliona mezani. Shosho ana miaka karibu 80 na huwa haogopi kitu, hata wezi wa kuku. Lakini alisimama hapo mlangoni na kikombe cha chai mkononi, akaniambia kwa sauti ya chini kabisa, "Toa hiyo kitu kwa nyumba yangu. Sasa hivi."

Nikamwambia ni ganda tu, halina risasi, haliwezi kuumiza mtu.

"Ni ya nani?"

"Sijui, Shosho. Nimeokota."

"Hakuna mtu atakuuliza ni ya nani. Watauliza imepatikana kwa nyumba ya nani."

Sikuelewa. Nilikuja kuelewa baadaye, na ndiyo maana naandika hii.

Kwa sababu wiki chache baadaye beshte yangu alinirushia swali tukiwa kwenye mathree ya Westlands. "Msee, tajiri wa Karen anaweza kupata leseni ya bastola. Mkulima mkubwa anaweza kupewa shotgani. Mbona hakuna raia anapewa AK ama G3? Si wakijua tuko nazo wangetuheshimu, kama kule Marekani?" Wenzake wakacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu ni swali la maana na nimekuwa nikitafuta jibu lake tangu hiyo siku. Jibu ni refu kuliko safari ya Westlands.

Kwanza, kaliba ni nini

Kaliba ni upana wa mtutu na wa risasi inayopita humo. Ukisikia 7.62, hizo ni milimita. Lakini upana peke yake hautoshi. Risasi ya AK-47 na ya G3 zote huitwa 7.62, ila ganda la AK lina urefu wa milimita 39 na la G3 lina milimita 51. Haziingiliani. Sasa unajua nilikuwa nimeokota ganda la aina gani.

"Kaliba ya kijeshi" haimaanishi risasi kali kuliko zote. Inamaanisha risasi ambayo jeshi au polisi wameichagua, kwa hivyo inatengenezwa kwa mamilioni na iko kwenye ghala la kila kambi. Hapo ndipo siri ilipo. Bunduki hudumu. AK iliyotengenezwa kabla mamako azaliwe bado inapiga leo. Risasi hutumika mara moja, kwisha. Mtu mwenye bunduki bila risasi ana rungu la bei ghali.

Kwa hivyo serikali ikitaka kudhibiti watu wenye silaha, haitaanza kwa kuuliza bunduki ziko ngapi. Itauliza risasi zinatoka wapi. Kama duka la wawindaji linauza risasi ileile inayoingia kwenye bunduki ya askari, basi kila bunduki iliyoibwa kambini ina mahali pa kula. Kama duka haliuzi, mwizi anabaki na chuma.

Sheria ya zamani kuliko Kenya

Wengi wetu tunadhani sheria za bunduki zililetwa ili tusiuane. Historia inasema kitu kingine.

Julai 1890, mataifa ya Ulaya na mengine yalitia sahihi mkataba mjini Brussels. Kwa jina ulikuwa wa kukomesha biashara ya watumwa. Ndani yake kulikuwa na vifungu vya silaha: katika sehemu kubwa ya Afrika, kutoka nyuzi 20 kaskazini mwa ikweta mpaka nyuzi 22 kusini, ilikatazwa kuingiza bunduki za kisasa na risasi zake, isipokuwa kwa ruhusa maalumu. Kilichoruhusiwa kuuzwa ni magobore ya gumegume, yale ya kujaza baruti kwa mdomo wa mtutu, na baruti ya kawaida.

Isome tena polepole. Gobore, sawa. Bunduki ya kisasa kama ya askari, hapana.

Miezi michache baadaye, mwaka huohuo wa 1890, Lugard alifika Dagoretti kwa niaba ya kampuni ya Waingereza na kujenga kituo. Mwenyeji wake alikuwa Waiyaki wa Hinga. Mambo yakaharibika, kituo kikachomwa, kampuni ikarudi na kujenga ngome nyingine upande wa Kabete, na mwaka 1892 Waiyaki akakamatwa na kufia Kibwezi akipelekwa pwani. Barabara niliyotembea nayo siku ile na lile ganda mfukoni ina jina lake.

Halafu kuna stori ya India. Karibu 1907 Waingereza walipiga marufuku bunduki za raia za kaliba ya .450 huko India na Sudan. Kwa nini hiyo? Kwa sababu bunduki ya kijeshi ya Martini-Henry, ambayo ilikuwa imesambaa hata mikononi mwa waasi, ilitumia risasi ya upana huo. Waliogopa risasi za mwindaji ziishie kwa muasi.

Sasa sikiza walichofanya mafundi wa bunduki wa London. Walitengeneza kaliba mpya, kama .465 na .470, zenye nguvu ya kuangusha ndovu. Hizo zikaruhusiwa bila shida. Hiyo .470 ikaja kuwa kipenzi cha wawindaji wa Afrika Mashariki, wale mabwana waliokuwa wakianza safari zao kutoka Nairobi. Yaani bunduki inayoangusha ndovu haikuwa tatizo. Tatizo lilikuwa bunduki inayoweza kula risasi za serikali. Hiyo ndiyo sababu ya kwanza, na haikuwa na uhusiano wowote na usalama wa mimi na wewe.

Na si Waingereza peke yao. Ufaransa iliweka kundi la "kaliba za vita" kwenye sheria yake ya 1939 na likakaa humo mpaka 2013. Mexico, baada ya wanafunzi kupigwa risasi Tlatelolco tarehe 2 Oktoba 1968, ilibadilisha katiba na kutunga sheria mpya ya silaha mwaka 1972, ambayo inahifadhi kaliba kama bastola ya milimita 9 kwa ajili ya jeshi. Angalia mpangilio wa matukio. Vijana ndio waliopigwa risasi, halafu raia ndio wakabanwa zaidi.

Veranda ya Norfolk

Turudi tao. Ukitoka Chuo Kikuu cha Nairobi na kushuka Harry Thuku Road, utapita hoteli ya Norfolk. Karibu hapo ndipo kituo cha polisi kilipokuwa tarehe 16 Machi 1922, siku ambayo maelfu ya watu walikuja kudai Harry Thuku aachiliwe. Mary Muthoni Nyanjiru aliwatukana wanaume waliotaka kurudi nyumbani, umati ukasonga mbele, na polisi wakapiga risasi. Nyanjiru alikuwa miongoni mwa waliokufa. Hesabu rasmi ilisema 21. Watu waliokuwepo walisema ni wengi zaidi ya hapo.

Walioshuhudia walisema pia kwamba walowezi waliokuwa veranda ya Norfolk walijiunga na kupiga. Raia. Wenye bunduki za leseni. Na hakuna mlowezi aliyehukumiwa.

Lakini subiri, stori haijaisha. Mwishoni mwa 1922 na mwanzoni mwa 1923, walowezi haohao walipanga kwa siri kumteka gavana Robert Coryndon na kushika reli na telegrafu, kwa sababu London ilikuwa inafikiria kuwapa Wahindi wa Kenya haki ya kura kama wao. Mpango ukayeyuka baada ya tamko la Devonshire la Julai 1923. Hakuna aliyenyongwa kwa hilo pia. Serikali ilikuwa ikiogopa bunduki za Waafrika wakati waliokuwa wakipanga kuipindua walikuwa wakinywa chai na gavana.

Risasi tatu za mjomba

Sasa ya Shosho. Alinisimulia jioni ya siku ileile, tukiwa tunachambua sukuma wiki.

Mwaka 1954 alikuwa na miaka tisa, kwao upande wa Kabete. Hali ya Hatari ilikuwa imetangazwa Oktoba 1952. Chini ya kanuni zake, kupatikana na bunduki, au hata risasi, kungeweza kukupeleka kitanzini. Sheria yetu ya Bunduki, ile tunayoitumia mpaka leo kama Sura ya 114, ilianza kazi mwaka huo wa 1954. Aprili hiyohiyo, Operesheni Anvil ilizingira Nairobi yote na kukamata maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru.

Wapiganaji wa msituni hawakuwa na njaa ya ujasiri. Walikuwa na njaa ya risasi. Wengi walibeba panga na bunduki za kujitengenezea kwa bomba la maji na komeo la mlango. Kila risasi iliyotoka Nairobi kwenda msituni iliibwa au ilinunuliwa moja moja na kupita mikononi mwa watu wa kawaida.

Mjomba wa Shosho aliacha risasi tatu ghalani, zimefungwa kwa jani la mgomba. Ngati wakaja. Mama yake Shosho alikuwa amewahi kuzihamisha usiku na kuzifukia chini ya mafiga, moto ukiwaka juu. Ngati wakapekua ghala, wakatoboa kila gunia, wakaondoka bila risasi lakini wakamchukua mjomba. Alirudi kutoka Manyani 1959. Shosho anasema hakuwahi tena kuketi karibu na moto.

Kwa hivyo unaelewa alichoona pale mezani. Hakuona ganda la shaba la kijukuu chake. Aliona yale mafiga.

Na Dedan Kimathi? Alipokamatwa Oktoba 1956 na kupelekwa mahakamani Nyeri, hakushtakiwa kwa mauaji. Alishtakiwa kwa kupatikana na bastola na risasi sita. Alinyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Mwanahistoria David Anderson amehesabu watu 1,090 walionyongwa kwa makosa ya wakati wa Mau Mau, na wengi hawakushtakiwa kwa kuua. Leo sanamu ya Kimathi iko tao, kwenye barabara yenye jina lake, imeshika bunduki. Tunapiga picha hapo kila siku.

Basi kwa nini tuliibeba hiyo sheria?

Hapa ndipo nilikwama. Kama sheria ilizaliwa kwa ubaguzi na woga, si tungeitupa mwaka 1963? Mbona serikali ya Waafrika iliishika na kuikaza?

Jibu rahisi ni kwamba kila serikali ina woga uleule, rangi yoyote. Jaribio la mapinduzi la tarehe 1 Agosti 1982 lilifanywa na wanajeshi wa anga, wakitumia silaha za serikali yenyewe. Lakini kuna jibu lingine, na hili lilinifanya nibadilishe mawazo niliyokuwa nayo Juni.

Mwaka 1979 Idi Amin alipoanguka, ghala la kambi ya Moroto huko Uganda liliachwa wazi na Wakaramojong wakajichukulia bunduki za kijeshi. Mwaka 1991 Siad Barre akaanguka Somalia, na Mengistu Ethiopia. Bunduki zikamiminika kaskazini mwa Kenya kama mafuriko. Wizi wa mifugo uliokuwa ukifanywa kwa mikuki ukageuka vita. Novemba 2012, katika bonde la Suguta karibu na Baragoi, zaidi ya polisi 40 waliuawa wakifuatilia mifugo iliyoibwa. Wengi wao walikuwa vijana wa umri wetu, wametoka chuo cha polisi juzi.

Huko kaskazini tayari kuna jibu la swali la beshte yangu. Kuna sehemu ambazo raia wamekuwa na AK kwa miaka zaidi ya 30. Je, serikali inawaheshimu zaidi? Barabara zao ni nzuri kuliko zetu? Muulize mama wa Baragoi kama bunduki ya jirani imemletea haki.

Ndiyo maana Aprili 2004, hapa hapa jijini, nchi za Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika zilitia sahihi Itifaki ya Nairobi. Inazitaka nchi hizo zipige marufuku kabisa raia kumiliki bunduki za otomatiki na nusu otomatiki. Sheria yetu nayo ina kifungu cha 4A kinachotaja AK-47 na G3 kwa majina, na ukipatikana nayo bila ruhusa unaweza kufungwa maisha. Juni 2021 Rais Uhuru Kenyatta alisimamia uchomaji wa silaha haramu 5,144 kule Ngong. Chuma kikayeyushwa.

Na kuna mambo ya kawaida kabisa ya fizikia. Risasi ya AK hutoka kwa takriban mita 700 kila sekunde, karibu mara mbili ya risasi ya bastola. Hebu fikiria hiyo ikipigwa Kawangware. Ukuta wa mabati hauisimamishi. Inapita kwa jirani, na kwa jirani wa jirani, mpaka ikutane na kitu laini.

Na Westgate je?

Najua mtaniuliza, kwa hivyo nitasema mwenyewe. Tarehe 21 Septemba 2013, magaidi waliingia Westgate na bunduki za kijeshi, na watu 67 waliuawa. Kabla vikosi havijajipanga, walioingia kuokoa watu ni polisi wachache na raia wenye leseni, wakiwa na bastola tu. Abdul Haji, ambaye sasa ni seneta, alikuwa mmoja wao. Kuna watoto walio hai leo kwa sababu ya raia wenye silaha. Siwezi kuandika hii posti nikaruka hilo.

Lakini hao walikuwa watu wanaojulikana, wenye mafunzo, wenye namba kwenye rejista. Na hata hivyo humo ndani vikosi vya serikali vilipigana risasi kimakosa. Sasa ongeza kwenye hiyo kelele raia 50 wenye AK, hakuna anayemjua mwenzake. Nani angejua gaidi ni nani?

Msimamo wangu

Kwa hivyo beshte, hapana. Sitaki AK Kangemi. Naunga mkono sheria, ingawa najua ilikotoka.

Lakini sheria ya kaliba ina nusu ya pili ambayo hatuisemi. Kama hoja nzima ni kwamba risasi za kijeshi zikae kwenye ghala la serikali, basi ghala lazima lihesabiwe. Na halihesabiwi vizuri. Utafiti wa Small Arms Survey wa 2008 ulichunguza Turkana Kaskazini na kukuta kwamba karibu nusu ya risasi zilizokuwa zikizunguka huko kinyume cha sheria zilitoka kwa polisi wa Kenya. Hazikutoka dukani wala Somalia. Zilitoka ghalani.

Na zile zinazopigwa tao? Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilihesabu angalau watu 60 waliouawa kwenye maandamano yaliyoanza Juni 2024. Jedwali la Sita la Sheria ya Huduma ya Polisi ya 2011 linasema polisi atumie bunduki kuokoa maisha, na mtu akifa au akiumia vibaya, IPOA ijulishwe. Kila risasi ilitoka kwenye kasha fulani, ikatiwa sahihi na ofisa fulani, ikaingia kwenye bunduki yenye namba. Kwa nini familia zinaambiwa haijulikani nani alipiga? Kwa raia, risasi moja ghalani ilitosha kukufanya uwe na jina, faili na kitanzi. Kwa serikali, maganda yamejaa lamini na hakuna mwenyewe.

Ninachodai si bunduki. Nadai daftari. Kila risasi inayotoka ghalani iandikwe imeenda na nani na imeishia wapi, na hilo daftari lifunguliwe mahakamani mzazi akiomba. Mkituambia tusishike risasi zenu, sawa, tumekubali. Basi mzihesabu.

Lile ganda sinalo tena. Asubuhi ya pili niliamka nikakuta halipo mezani. Nikamuuliza Shosho amelipeleka wapi.

Alikuwa anawasha jiko. Hakunijibu.